Nilisema Sina

Neno "sina" ni fupi, lakini hapa pwani linafanya kazi kuliko maneno mengi marefu. Anayeomba chumvi kwa jirani hujibiwa sina. Konda anayedaiwa chenji husema sina. Mtoto anayetaka hela ya andazi hulisikia kabla hajamaliza kuomba. Tangu nianze kutumika hapa Kilwa Kivinje nadhani nimelitamka karibu mara nyingi kama neno amina, wala sikuwahi kufikiri kwamba siku moja litaniketisha chini kama mshitakiwa.

Ilikuwa Mei 2024. Wasomaji wa ukanda wetu hawahitaji kukumbushwa. Mvua zilikuwa zimenyesha kwa wiki nyingi, kisha tarehe 4 kikatufikia kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani, na vitu madukani vikaanza kupungua. Hapa Kivinje upepo uliezua mabanda, ukaangusha minazi, ukapinda dishi moja kati ya mawili yaliyo juu ya paa la nyumba ya mchungaji. Kabla hatujamaliza kufagia matawi, Jumapili ya tarehe 12 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikakatika, na nchi nzima pamoja na majirani zetu ikabaki na mtandao wa kusuasua. Simu za kuongea zilipita. Ujumbe wa maneno ulipita. Video hazikupita.

Siku mbili baada ya hapo, asubuhi, akaja mama jirani yetu. Ni mama wa Kiislamu, na kila alfajiri hukaanga vitumbua ambavyo nyumba yangu imekula kwa miaka. Banda lake la kukaangia lilikuwa limelala chini. Akaniambia, "Baba Mchungaji, nikopeshe elfu thelathini na tano ninunue makuti na nguzo. Ufuta ukiuzwa nitakurudishia."

Mfukoni nilikuwa na shilingi 9,000, na kwenye simu kiasi nilichokitenga kwa umeme. Nikamjibu kwa upole, kama tunavyojibu: "Mama, sina. Hali imekuwa ngumu kwetu sote. Mungu atafungua mlango."

"Inshallah, Baba. Haidhuru." Akageuka. Alipofika njiani akainua macho, akayatazama madishi yale mawili juu ya paa, akaenda zake.

Haikufika saa sita mchana, simu ikaita kwa ujumbe. Nilikuwa nimekatwa shilingi 12,500 na programu moja ya mahubiri na filamu za dini ambayo nilijiunga nayo wakati wa Kwaresima ya mwaka uliotangulia. Mtandao ulikuwa haufanyi kazi, hakuna mtu Kivinje nzima aliyeweza kutazama hata dakika moja ya video, lakini fedha yangu ilipata njia ya kupita.

Nikaketi pale barazani na kujiuliza: Je, mama yule nilimdanganya?

Kabla sijajibu, niseme tulifikaje hapa, maana ni rahisi mno kwa mhubiri kusimama na kulaani anasa. Mimi nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo; sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza. Mara yangu ya kwanza kuitazama nilikuwa mvulana mkubwa, nimesimama dirishani kwa watu. Antena moja juu ya mwanzi ilitosha. Picha ikisumbua, mtu mmoja alitoka nje kuuzungusha mwanzi, mwingine akabaki ndani kupiga kelele, "Hapo hapo!"

Kisha tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata kwa zamu, na kila nyumba yenye televisheni ikahitaji king'amuzi. Mwaka uliofuata Azam TV ikaingia, na ligi yetu ya nyumbani ikawa huko. Mwaka 2021 walitia saini mkataba wa miaka 10. Aliyetaka ligi ya Uingereza alikwenda DStv. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ikazitaka kampuni zenye leseni ya televisheni ya kulipia ziondoe chaneli za ndani zinazopaswa kutazamwa bure, na watu waliokuwa wameridhika na king'amuzi kimoja wakajikuta wananunua cha pili ili wapate taarifa ya habari. Basi ndugu msomaji, ukiona madishi mawili juu ya paa moja usiwe mwepesi wa kuhukumu. Mara nyingi hayakuletwa na tamaa. Yaliletwa na mikataba ya matangazo ambayo mwenye nyumba hakuulizwa.

Baadaye likaja lile la simu. Filamu, mahubiri, katuni, mechi, kila kimoja na programu yake, na kila programu na malipo yake ya mwezi. Hapo ndipo kitu kilibadilika ambacho mimi sikukiona. King'amuzi cha kawaida, mwezi ukiisha, hukata picha. Unakaa mbele ya kioo cheusi na unaamua: nilipie tena au niache? Programu ya simu iliyounganishwa na kadi haikati picha. Hukata fedha, na usiposema lolote hukata tena mwezi ujao. Kunyamaza kwako kumekwisha kuhesabiwa kuwa ni ndiyo.

Katika kazi yangu nakutana na ukimya wa aina mbili. Tunapotangaza ndoa kanisani, Jumapili baada ya Jumapili, tunasema mwenye pingamizi ajitokeze, na watu wakinyamaza ndoa inaendelea. Ukimya ule tunaukubali. Lakini siku ya ndoa yenyewe, mbele ya madhabahu, bibi harusi akinyamaza sifungi ndoa, hata kama ukumbi umekwisha kulipiwa na kamati imenuna. Kwa nini ukimya wa kwanza unatosha na wa pili hautoshi? Nimelifikiri sana jambo hili. Wa kwanza unatosha kwa sababu jambo lilisomwa kwa sauti, kwa majina, mara kwa mara, mbele ya watu walio macho. Aliyenyamaza alikuwa amesikia. Makato yangu hayakuwa yamesomwa mbele ya mtu yeyote. Nilinyamaza kama mtu aliyelala anavyonyamaza.

Usiku ule nilijitetea mbele ya nafsi yangu, na ninaziandika tetezi zangu hapa kwa sababu nadhani ni za wengi.

Ya kwanza ilikuwa hii: sikujua. Kweli sikujua. Kama ungeniuliza asubuhi ile nalipia nini na nini kila mwezi, ningekutajia viwili. Nilipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba Thomas wa Akwino aliligusa jambo hili karne ya 13. Kutokujua kitu ambacho huna wajibu wa kukijua si dhambi. Lakini kutokujua, kwa uzembe, kitu ambacho ungepaswa na ungeweza kukijua, hiyo ni dhambi. Sijui uzito wa nyota, wala sihukumiwi kwa hilo. Fedha inayotoka nyumbani mwangu je? Hakuna mtu mwingine duniani aliyepewa wajibu wa kuijua.

Ya pili ilikuwa na nguvu kidogo zaidi: fedha iliyoahidiwa kwingine si yangu tena. Hili ni kweli. Ada ya mtoto ikiwa kwenye kabati, na mtu akaja kukopa, nikisema sina sijasema uongo, kwa sababu ada ile mimi na mke wangu tuliketi tukaipanga. Ina jina. Lakini shilingi 12,500 zile ziliahidiwa na nani? Na mchungaji mmoja mwenye bidii za Kwaresima, aliyebonyeza kitufe usiku mmoja, akatazama mahubiri mawili na nusu, akasahau. Ahadi iliyobaki hai kwa sababu tu aliyeitoa ameisahau ina haki gani ya kumtangulia jirani mwenye banda lililoanguka?

Ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, maana ni yetu hasa, ya watu wa pwani. Kwetu "sina" si hesabu ya mfukoni. Ni adabu. Kumwambia mtu mzima "sitaki kukupa" ni kumpiga kofi. Ukimwambia "sina" umemkatalia na umemwachia heshima yake, naye anajua, nawe unajua kwamba anajua. Wanafalsafa wanaweza kusema hapa hakuna uongo, kwa sababu hakuna anayedanganyika. Mimi bado naiona desturi hii kuwa njema, na sitaki kijana anayesoma makala haya aanze kuwajibu wazee kwa ukavu akidai kwamba Mchungaji ameagiza ukweli. Ila nimegundua jambo moja. Adabu ile hufunika uamuzi. Nyuma ya "sina" ya heshima kuna mtu aliyepima, akaona hawezi au hataki, akachagua maneno laini. Mimi sikupima. Sikumweka mama yule upande mmoja na mahubiri ya video upande wa pili nikaona mahubiri ni mazito zaidi. Sikuweka kitu popote. Nilitumia kifuniko pasipo chungu.

Kuna "sina" moja katika Maandiko ambayo nimeihubiri mara nyingi bila kuisikia. Katika Matendo sura ya 3, Petro anamwambia kiwete wa pale mlangoni kwamba fedha na dhahabu hana. Tunakimbilia muujiza, tunaipita sentensi. Lakini angalia: Petro anaweza kusema vile kwa sababu anajua alicho nacho na asicho nacho, na sentensi yake haiishii kwenye asicho nacho. Anaendelea kutaja kile alicho nacho na kukitoa. Mjane wa 2 Wafalme sura ya 4 naye ni vivyo hivyo. Elisha anapomuuliza ana nini nyumbani, anaanza kwa kusema hana kitu, kisha anakumbuka: ipo chupa ya mafuta. "Sina" yake ina "isipokuwa." Geuza kurasa kidogo tu kutoka kwa Petro na kiwete, ufike Matendo sura ya 5, utamkuta Anania. Kosa lake halikuwa kubakiza fedha za shamba. Petro anamwambia wazi kwamba zilikuwa zake na alikuwa huru nazo. Kosa lilikuwa kusimama mbele ya watu na hesabu isiyokuwa ya kweli. Mimi asubuhi ile nilisimama mahali fulani kati ya sura hizo mbili, na sikuwa karibu na Petro.

Na Mithali 3:28 haihitaji mchungaji kuifafanua. Isomeni wenyewe.

Mke wangu ni muuguzi katika hospitali ya Kinyonga. Nilipomsimulia hakunihubiria. Aliniambia tu kwamba kazini kwao dawa isiyoandikwa kwenye leja haipo, hata kama iko kabatini, na akatoa daftari la shule lililobaki nusu. "Andika zote ukurasa mmoja. Usiandike kwa kumbukumbu. Fungua ujumbe mmoja mmoja." Tukaketi na simu mbili, karatasi za benki na chai, tukarudi nyuma miezi mitatu.

King'amuzi cha sebuleni, 19,000. King'amuzi cha pili, 27,500. Hiki nilikuwa nimeiagiza benki ikilipe yenyewe kila tarehe 25, wakati kijana wetu alipokuwa nyumbani akifuata mpira wa Uingereza. Sasa yuko shule ya bweni, na dishi la king'amuzi hicho ndilo lililopindwa na kimbunga; kwa wiki nzima hakuna mtu aliyegundua kwamba hakina picha. Filamu za simu, 18,500, zilizoanza kwa mwezi mmoja wa bure. Programu ya mahubiri, 12,500. Na mstari wa Biblia wa kila siku kwa ujumbe wa simu, shilingi 100 kwa siku. Huu mwisho ulinichoma. Nilikuwa naufuta kila asubuhi bila kuusoma, kwa sababu Biblia ninayo mezani. Kwa mwezi ni 3,000.

Jumla 80,500, bila bando la intaneti, ambalo tuliliona kama maji. Nilikokotoa haraka: 61,500 zinakwenda kwa vitu ambavyo hakuna mtu wa nyumba hii anayevitazama.

Hesabu yangu ilikuwa na kosa. Binti yetu anasoma Dodoma. Nilipompigia kumwambia nafunga ile ya filamu, alishtuka. "Baba, usikate! Tunatazama watu sita hosteli." Kumbe kitu nilichokiandika kuwa hakina mtumiaji kilikuwa na watumiaji kuliko vyote. Hapa nilijifunza kwamba daftari peke yake halitoshi; lazima pia umuulize aliye mbali. Lakini likazuka swali jingine. Mwaka 2023 Netflix walianza kubana jambo hili katika nchi nyingi, wakasema akaunti moja ni ya watu wanaoishi nyumba moja, na wengine wamefuata njia hiyo. Binti yangu, ambaye amekaa kanisani muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mabishano, akanijibu kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuhubiri kuhusu mlinzi wa gereza la Filipi, nikasema nyumba yake haikuwa mke na watoto tu.

Nilicheka, na kwa siku mbili sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba neno nyumba kwetu lina vyumba vingi. Mpwa, mjukuu, mgeni aliyekuja kwa matibabu akakaa mwaka, wote ni wa nyumba. Anayeandika masharti huko Marekani hana habari hiyo. Lakini masharti yale niliyakubali mimi, na neno katika mapatano lina maana waliyopatana wawili, si maana ninayoiona tamu baadaye. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza amri ya saba hazungumzii mwizi wa usiku tu. Anagusa pia kujipatia mali ya mwenzako kwa hila. Nikamwambia binti: ilipie mwenyewe kwa hela yako ya matumizi na uitumie wewe, au uifunge. Akaifunga. Nasikia wenzake hosteli hawakunielewa, na sina hakika kwamba wote wamekosea. Kijana wa miaka ishirini anayemwambia mwenzake "njoo tutazame" anafanya jambo jema lililovaa vazi baya.

Tukaondoa 18,500 kwenye hesabu ya vitu vilivyolala. Zikabaki 43,000. Mama wa vitumbua aliomba 35,000.

Kuhusu nini kibaki na nini kiondoke, nilikuwa na mpango wa kichungaji kabisa: mpira uondoke, mahubiri yabaki. Mke wangu akaniuliza ni nani ameingia nyumbani kwetu mwaka huu kwa sababu ya mahubiri yale ya video. Hakuna. Na kwa sababu ya mpira? Nikakumbuka. Siku ya Simba na Yanga sebule yetu haina pa kukanyaga. Vijana wa mtaani, ambao vinginevyo wangelipa kwenye kibanda umiza, fundi mashua, mwalimu wa madrasa na mwanawe, wazee wawili wa kanisa wasiosalimiana tangu uchaguzi wa baraza. Yuko mvuvi mmoja ambaye kwa neno lolote la injili asingevuka ua wa mchungaji, lakini kwa Yanga anavuka, na mwezi Machi, mtoto wake alipougua usiku, alijua mlango wa kugonga. Kusini hapa sisi Walutheri ni wachache, wengi wetu ni walimu na wauguzi waliohamishiwa huku. Sebule yenye mpira imetufanya majirani kabla mimbari haijapata nafasi.

Kwa hiyo kilichoonekana cha kidunia kikabaki, na viwili vya kidini vikaondoka. Sisemi hivyo ndivyo iwe kwa kila nyumba. Iko nyumba ambayo mpira umekula ada na ndoa, nami nimeketi katika nyumba kama hizo kusuluhisha. Ninachosema ni kwamba nisingejua kwangu hali ikoje bila kuviona vyote katika ukurasa mmoja, kimoja chini ya kingine, na mtu wa pili ameketi pembeni akiuliza.

(Kutoka kwenyewe kulikuwa na kazi. Kuingia kulihitaji kidole kimoja. Kutoka kulihitaji mtandao urudi, neno la siri nililolisahau, na maswali manne ya kama kweli nimefikiri vizuri. Mstari wa kila siku ulihitaji nitume neno ambalo lilikataliwa mara mbili.)

Jambo hili si geni katika kanisa letu. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, kule Saksonia, ulifanya kitu ambacho Luther alikipenda kiasi cha kukiandikia utangulizi na kukichapisha. Kwa vizazi watu walikuwa wametoa wakfu: fedha za kusomea misa marehemu, za mishumaa, za vyama vya kidini, kila mfuko na wasimamizi wake. Waliozianzisha walikwisha kufa, lakini mifuko iliendelea kulipa. Wana Leisnig wakaamua kwamba yote iingie katika kasha moja la pamoja. Wakachagua wasimamizi kumi kutoka matabaka yote ya mji, wakulima wakiwemo, na kasha likawa na kufuli nne tofauti ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Kutoka humo walipwe wachungaji, watunzwe maskini, yatima na wazee. Halikwenda kirahisi, halmashauri ya mji ilisita kukabidhi fedha zilizokuwa mikononi mwake. Hata hivyo ninavutiwa na hatua yao ya kwanza. Kabla ya kuuliza maskini wapewe nini, waliuliza: fedha zetu zinakwenda wapi tayari?

Na hapa lazima nijigeuzie mwenyewe na baraza langu kidole. Muumini wetu wa kawaida ana bahasha ya ahadi. Ana sadaka ya ibada, ya shukrani, mchango wa jengo, wa kwaya kwenda mashindano, wa umoja wa wanawake, wa jumuiya ya nyumba kwa nyumba. Juu yake kuna makundi ya simu ya michango ya harusi na misiba. Kila moja lilianza vizuri, na mengine hakuna anayekumbuka lilianza lini. Je, sisi nasi hatujajifunza kuhesabu ukimya wa watu kuwa ni ndiyo? Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba mchango fulani kwetu ulikuwa wa kununua kinanda, kinanda kikanunuliwa, na bado unakusanywa. Nilibisha. Tukatazama vitabu. Alikuwa sahihi. Sasa kila robo mwaka tunasoma orodha yote ya michango kanisani, kwa sauti, kama tunavyotangaza ndoa, na anayetaka kuuliza anauliza. Jumapili ya kwanza ilichukua dakika arobaini na watu wakalalamikia jua.

Tarehe 25 ya mwezi ule wa Mei benki haikukata kitu. Tarehe 27 nilichukua shilingi 35,000 nikaenda kwa mama. Nilikuta moshi unatoka. Banda lilikuwa limesimama, makuti mapya, nguzo za mikoko. Alikuwa amekopa kwenye kikoba, kwa riba.

Nikamwambia yaliyokuwa moyoni. "Mama, siku ile nilikwambia sina. Nilikuwa nazo, ila sikujua zilipo."

Aligeuza vitumbua vyote kwanza. Kisha akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Baba Mchungaji, mimi nilijua unazo. Nikasema basi, kanikatalia. Kukataliwa nimezoea, hata mimi nakataa watu. Lakini mtu mzima kutojua hela yake ilipo! Hilo ndilo la ajabu."

Akachukua elfu ishirini apunguze deni la kikoba, kumi na tano akanirudishia palepale. Julai, baada ya mnada wa ufuta, alileta zile ishirini zimefungwa kwenye pindo la leso. Nilizipokea. Ulikuwa mkopo, na kuzikataa kungekuwa kumwambia kwamba neno lake halikuwa na uzito.

Daftari liko juu ya friji. Kila tarehe 25 tunalifungua, mke wangu akisoma na mimi nikitafuta kwenye simu. Mwezi uliopita tulikuta mstari mpya, shilingi 2,000, ambao hakuna kati yetu anayeukumbuka. Binti anasema si yeye. Bado tunautafuta.